Kura na Giza la Mweru

Uchaguzi wa Zambia ukikaribia, wachambuzi wa Lusaka hutandaza ramani na kuanza kuipaka rangi. Mkoa wa Luapula hauwasumbui. Watu wa huko husema Kibemba, basi kura ni za Patriotic Front (PF). Twende mkoa wa pili.

Makala haya yanabishana na brashi hiyo.

Mwambao wa Ziwa Mweru mkoani humo, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi Puta, kwa Wabwile wa wilaya ya Chienge, haukuzaliwa na kadi ya PF mfukoni. Mwaka 2001 Luapula ilimpa kura Levy Mwanawasa wa MMD, na kiti cha Chienge kilikuwa cha Katele Kalumba, mmoja wa vigogo wa chama hichohicho. Miaka mitano baadaye mkoa ukahamia kwa Michael Sata wa PF, ukabaki kwake hadi alipoingia Ikulu mwaka 2011, kisha ukashikamana na mrithi wake, Edgar Lungu, hata mwaka 2021, Hakainde Hichilema alipoizoa nchi kwa asilimia 59. Kati ya 2001 na 2006 lugha ya nyumbani ilikuwa ileile na machifu ni walewale. Kilichohama ni kura. Anayesema kabila ndilo linalopiga kura mwambaoni atueleze miaka hiyo mitano.

Kuna jambo jingine ambalo ramani haina rangi yake: nani yuko nyumbani siku ya kupiga kura?

Sata alifariki Oktoba 2014, na uchaguzi wa kumpata mrithi wake ukafanyika tarehe 20 Januari 2015. Nchi nzima, waliojitokeza walikuwa asilimia 32 tu, na Lungu akashinda kwa kura zisizofika 28,000. Daftari la wapigakura lilikuwa la 2011, kwa hiyo waliotimiza miaka 18 baada ya hapo walibaki watazamaji. Mvua nayo ilikuwa imekata njia. Kwa watu wa ziwani kulikuwa na la ziada: uvuvi hufungwa tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Mvuvi aliyejiandikishia kambini, msimu ukifungwa, hurudi kwao kulima. Sheria nayo inamtaka apige kura palepale alipojiandikisha. Ataipata wapi nauli, wakati hata samaki wa kuuza hana?

Mwaka 2016 waliojitokeza walifika asilimia 56, na 2021 wakapita 70. Waliosherehekea sabini hiyo wasisahau kwamba Tume ya Uchaguzi ilikuwa imelitupa daftari la zamani na kuandikisha upya, watu milioni saba ndani ya majuma machache ya mwisho wa 2020. Daftari jipya halina marehemu wala waliohama, na asilimia hupanda hata kabla mtu hajaamka kwenda kwenye foleni.

Sasa tuje kwenye mwezi, ule wa angani. Mweru ina chisense, visamaki vidogo ambavyo msomaji wa Kigoma angeviita dagaa bila kufikiri mara mbili. Huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi penye mbalamwezi. Riziki iko gizani. Katiba imeuweka uchaguzi Alhamisi ya pili ya Agosti kila baada ya miaka mitano. Mwaka 2021 ilikuwa tarehe 12, siku nne baada ya mwezi kuandama. Mwaka 2026 ni tarehe 13, na mwezi unaandama tarehe 12. Giza totoro, yaani usiku ambao hakuna mwenye taa na chombo atakayetaka kulala nchi kavu.

Na safari hii kura za mwambao hazina mwenyewe. Lungu alifariki Juni 2025, PF imegawanyika makambi yanayogombania jina na ofisi, na kila mgombea atavuka kwenda visiwa vya ziwani vya Kilwa na Isokwe akiwa na vitenge vyake. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyohiyo vyombo vya chisense vinarudi, na akina mama wanasubiri ufukoni na mabeseni, kwa sababu chisense isiyoanikwa mapema juani huharibika kabla ya jioni.