JE, ASIYEKUNYWA POMBE NDIYE MTU BORA?



Tumepokea barua nyingi juu ya neno lililosemwa katika mkutano wa tawi letu. Ndugu mmoja, mtu wa heshima na baba wa watoto saba, alisimama akatoa shauri: mtu yeyote anayekunywa pombe, au anayevuta tumbako au bangi, asichaguliwe kuwa mkubwa wa chama, wala asishike franka za chama. Wengi walipiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele, na sababu yao tunaijua. Wengine walinung'unika nyuma ya nyumba, na mmoja wao alinung'unika huku ameshika chupa. Shauri hilo litapigiwa kura. Kabla ya siku hiyo gazeti letu linataka kutoa mawazo yake, bila kuogopa walevi wala wasiokunywa.

Tuanze na lile lisilo na ubishi. Sisi makarani tunaoandika mishahara tunaona mambo ambayo wengine hawayaoni. Siku ya mshahara mtu anapanga mstari, anapokea franka zake, anazihesabu mara mbili, anatia sahihi au kidole gumba. Nje ya geti mwenye bare anamngoja na daftari la madeni. Kesho yake asubuhi bibi wa mtu yule anafika ofisini, mtoto mgongoni, anauliza kwa sauti ndogo: Bwana karani, mshahara umetoka? Tumjibu nini? Kitabu kinasema umetoka, na kidole cha mume wake kiko pale, cheusi kabisa. Mara nyingine tumemwambia arudi mchana, kwa haya tu, kana kwamba mchana kitabu kitasema neno jingine.

Lutuku ni mbaya zaidi. Mpishi asiyejua kazi, au anayejua lakini anataka faida, hatupi maji ya kwanza yanayotoka katika mtambo, na maji yale yanaweza kumpofusha mtu au kumwua. Hata bia ya kiwanda, yenye cheti na picha nzuri, si maji. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa mwili. Juu ya tumbako waganga hawana shaka tangu miaka ya 1950. Mtu anayevuta vumbi la mawe mchana kutwa, akitoka anawasha sigara ili apumzike, anayapa mapafu yake kazi mbili kwa mshahara mmoja.

Basi anayeacha amepata faida. Ini lake limepata faida, bibi yake na watoto wake vilevile. Tunamsifu na hatumchekeshi. Lakini ndugu yetu hakusema kwamba asiyekunywa ana ini zuri. Alisema kwamba huyo ni mtu bora, na kwa hiyo apewe sanduku. Hapo ndipo tunasimama tuulize: nani alitufundisha kumpima mtu kwa kikombe chake?

Wazee wetu wanakumbuka. Mataifa ya Ulaya yalifanya mapatano Brussels mwaka 1890, na tena Saint-Germain mwaka 1919, ili kuzuia pombe kali isiuzwe kwa watu weusi wa Afrika. Mkoloni alikunywa whisky yake jioni barazani, na boyi aliyemletea barafu alikatazwa kuionja. Kama sheria ile ilitungwa kwa upendo wa maini yetu, mbona viwanda vya bia vilijengwa Léopoldville na Élisabethville katika miaka ya 1920, na mbona mtu mweusi alikaribishwa kuwa mnunuzi? Sisi tunafikiri hivi: walitaka mtu anywe kiasi cha kurudisha franka zake, lakini asinywe kiasi cha kukosa filimbi ya Jumatatu.

Kisha ukaja mwaka 1948 na karata ya ustahili wa raia, na mwaka 1952 ukaja uandikishaji, ule ulioitwa immatriculation. Mtu aliyetaka kuhesabiwa kuwa mstaarabu alichunguzwa kama ng'ombe sokoni. Walikuja nyumbani kwake wakatazama meza na vitanda, wakauliza juu ya bibi, juu ya watoto, juu ya mwenendo wake wote. Na baada ya mitihani hiyo yote, walioandikishwa katika nchi ya mamilioni ya watu walikuwa mia chache tu. Wasomaji wetu watuwie radhi, lakini tulipolisikia shauri la ndugu yetu, tulisikia viatu vya komisheni ile vikiingia tena mlangoni. Safari hii komisheni ni sisi wenyewe, na tunanusa pumzi ya jirani.

Na serikali ile haikukiamini hata kipimo chake yenyewe. Mwaka 1921 huko Nkamba, katika Bas-Congo, Simon Kimbangu alihubiri kwa miezi michache tu. Aliwaambia watu watupe sanamu, na mtu akae na bibi mmoja. Kanisa lililotoka kwake linakataza pombe, tumbako na dansi mpaka leo. Kama mwenendo safi ulikuwa ndio ustaarabu, mtu huyu alistahili kupewa karata ya kwanza, yenye namba moja. Alipewa hukumu ya kifo, mfalme Albert akaigeuza kuwa kifungo cha maisha, wakamleta mbali na kwao, huku kwetu Élisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu 1966. Alikaa gerezani miaka thelathini na kufa tarehe 12 Oktoba 1951. Hawakumfunga kwa sababu ya kikombe. Walimfunga kwa sababu watu waliacha kazi wakaenda kumsikiliza, na kwa sababu aliposimama hakutetemeka.

Sasa tumtazame mwingine. Patrice Lumumba alipotoka gerezani mwaka 1957 alikwenda Léopoldville akapata kazi ya kutangaza bia. Ndiyo, bia, ile ya Polar. Alizunguka katika bare za mji, alisema mbele ya makundi ya watu, akajulikana kwa sura na kwa sauti. Mwaka 1958 akawa mkubwa wa chama cha MNC, na tarehe 17 Januari 1961 waliuawa, yeye na Mpolo na Okito, si mbali na mji huu wetu. Kwa shauri la ndugu yetu, Lumumba asingeweza kuwa hata sekretere wa tawi, kwa maana mkate wake ulitoka katika chupa. Hatusemi kwamba bia ilimfanya shujaa. Tunasema kwamba kati ya mhubiri aliyeikataa pombe na mtu aliyeitangaza, aliyekolonisha aliwaogopa wote wawili kwa sababu ileile.

Juu ya bangi pia watu wanasema haraka. Wazee wa Kasai wanajua habari za Bena Riamba. Wazungu Pogge na Wissmann walipofika kwa Kalamba Mukenge mwaka 1881 walikuta watu waliounganishwa na bangi. Waliivuta pamoja, waliitana wana wa bangi, walisalimiana kwa neno la uzima, moyo, na waliteketeza dawa za zamani ili jirani asimwogope jirani. Mtu angesema, tazama, bangi imewafanya wema! Lakini watu walewale walidai kodi kwa wale wasioingia katika umoja wao, na waliuza watu ili wapate bunduki. Moshi haukuwazuia. Wala hatuamini kwamba moshi ndio uliowafundisha ubaya ule. Biashara ya watu iliendeshwa na wengi ambao hawakuvuta kitu.

Tusiende mbali, turudi kambini. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na chama cha kusaidiana, cha kununua sanduku la maiti mtu akifiwa. Tulimchagua mtunza franka asiyekunywa, asiyevuta, anayekaa benchi ya kwanza kanisani. Sisi tunaoandika maneno haya tulikuwa kati ya waliomchagua. Na kwa sababu hakunywa, kwa miaka miwili hatukumwomba daftari. Tungeona haya! Kumwuliza mtu kama yule hesabu ilikuwa kama kumwuliza padri kama amesali. Halafu mzee mmoja fundi wa matofali alikufa. Tulifungua sanduku la fedha tukakuta franka zisizotosha hata misumari. Ndugu yetu mwema alikuwa amezikopesha kwa riba, na faida ilikuwa nyumbani kwake, juu ya paa, mabati mapya. Hakuwa ameiba siku moja akiwa amelewa. Aliiba kidogo kidogo, akili yake ikiwa wazi, na mwandiko wake mzuri.

Aliyenunua sanduku la mzee yule alikuwa mtu wa kutoboa miamba ambaye kila Jumamosi anarudi nyumbani akiimba njia nzima. Aliuza baiskeli yake. Msifikiri tunataka kumfanya mtakatifu; bibi yake ana habari nyingine za Jumamosi zile, na tumemsikia akizieleza, na hazichekeshi. Angekuwa ameacha kunywa angekuwa na baiskeli mbili na amani nyumbani. Lakini siku ile mkono wake ulikuwa mfukoni kabla ya mkono wetu.

Wale waliosoma kwa mapadri watakumbuka mfano wa watu wawili waliokwenda hekaluni kusali, mmoja akihesabu mbele ya Mungu siku zake za kufunga, na mwingine akisimama nyuma kabisa. Hatuna haja ya kuueleza. Hatari ya kuacha kitu ni kwamba mtu anaweza kukaa juu ya kuacha kwake kama juu ya kiti, asiondoke tena. Ameacha pombe, basi amemaliza. Jirani ana njaa, yeye hakunywa. Kapita anampiga kijana, yeye hakunywa.

Akina mama wasituelewe vibaya. Vigelegele vyao vilikuwa haki. Wakumbuke wanawake wa Cato Manor, huko Durban, mwezi wa Juni 1959. Katika mji ule, tangu sheria ya mwaka 1908, manispaa ilijitwalia yenyewe biashara ya pombe ya Waafrika, na faida yake ililipa gharama za kuwatawala Waafrika walewale. Mama aliyepika pombe nyumbani ili alishe watoto alifuatwa na polisi, na mume wake alikaribishwa katika nyumba ya pombe ya serikali aache mshahara huko. Wanawake waliingia katika nyumba zile na fimbo, wakamwaga pombe, wakawafukuza waume zao. Hawakuuliza nani ni mtu bora. Waliuliza franka inakwenda wapi. Swali lao lina akili kuliko shauri linalopigiwa kura kwetu.

Na kwa kuwa tumeuliza franka inakwenda wapi, tuseme pia inatoka wapi. Karatasi ya namba hii mnayoishika ililipwa na faida ya dansi ya tawi. Katika dansi ile chama chetu kiliuza bia, kreti kwa kreti, na ndugu aliyetoa shauri alikuwa mlangoni akipokea viingilio. Hatumlaumu peke yake. Sisi tuliandika hesabu, na tulifurahi ilipokuwa kubwa. Tutampigiaje kura mtu aliyekunywa bia tuliyomwuzia sisi?

Kwa hiyo gazeti hili linawaomba wanachama wakatae shauri jinsi lilivyo, na wapokee jingine mahali pake. Mtu asije mkutanoni akiwa amelewa. Akija, atolewe kwa upole, na neno lake lisiandikwe siku ile. Mtunza franka asiwe na deni katika bare yoyote, wala deni kwa mkopeshaji yeyote, kwa maana mtu mwenye deni ndiye anayenunuliwa. Sanduku lifungwe kwa kufuli tatu, funguo zishikwe na watu watatu, na mmoja wao awe mama. Daftari lisomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi, hata kama mtunza franka ni mtakatifu mwenyewe. Na juu ya dansi, tutafute njia nyingine ya kulipa karatasi. Tunajua itakuwa ngumu, na huenda gazeti likatoka na kurasa mbili badala ya nne.

Kura ni Jumapili baada ya misa, palepale nyumbani kwa sekretere. Daftari la mwaka huu liko mezani kwake tangu jana, pamoja na hesabu ya dansi. Kila mwanachama mwenye karata anaweza kulifungua, na asiyejua kusoma tutamsomea.