Kukosa Salamu si Kukosa Utu

Katika mwambao wa Tanga, kuanzia Moa hadi Pangani, utu wa mtu hupimwa kwanza kwa salamu. Kijana apitaye barazani bila kutamka shikamoo huitwa mjeuri. Asiyeketi na wenziwe msibani husemwa hana huruma. Kipimo hicho kimelea vizazi vyenye adabu. Lakini kwa kijana mwenye usonji kipimo hicho hukosea, na kosa hilo humnyima masomo, kazi na heshima.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo huanza tangu utotoni. Si laana, si jini, wala si matokeo ya malezi mabaya ya mama. Daktari Leo Kanner, aliyeieleza nchini Marekani mwaka 1943 baada ya kuchunguza watoto 11, aliwaona kuwa ni watu waliojitenga na wenzao. Tangu hapo wengi wameamini kwamba mwenye usonji hataki watu, na kwa kuwa hataki watu, hawezi kumfaa mtu.

Imani hiyo haikusimama ilipopimwa. Mwaka 2008 Kristin Liebal na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya watoto wadogo wenye usonji. Mtu mzima aliposhindwa kukifikia kitu alichokihitaji, watoto hao walionyesha kwamba wanaitambua haja yake na wako tayari kumsaidia. Walikopungukiwa ni katika kazi za kushirikiana: mwenzao aliposimama ghafla, hawakujitahidi sana kumrudisha. Basi upungufu haukuwa wa moyo wa kusaidia, bali wa njia ya kuelewana. Mwaka 2012 Damian Milton, mtaalamu wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alisisitiza kwamba kutoelewana huko kuna pande mbili: mwenye usonji hamwelewi mwenzake, na mwenzake naye hamwelewi yeye.

Jambo hilo laonekana wazi katika maisha ya pwani. Wavuvi wavutapo ngalawa nchi kavu, hakuna anayeitwa kwa jina. Kila aliyepo huona na kushika. Kijana mwenye usonji aweza kusimama kando, si kwa uvivu, bali kwa sababu hakuna aliyemwambia. Akiambiwa waziwazi, "Shika kamba hii, vuta pamoja nasi," huenda akawa wa mwisho kuiachia. Shuleni ni vivyo hivyo. Mwanafunzi asiyemtazama mwalimu usoni aweza kupanga vitabu vya darasa zima kila asubuhi bila kukumbushwa.

Ni kweli kwamba wenye usonji hawafanani. Wako wasiosema kabisa, na wako wanaohitaji uangalizi wa siku zote. Hata hivyo, kuhitaji msaada hakumwondolei mtu uwezo wa kutoa msaada. Kijana ambaye hupokea tu, wala hapewi nafasi ya kumfaa mwingine, hubaki mgeni nyumbani kwao.

Kwa hiyo walimu hawana budi kuacha kumwadhibu mtoto kwa ukimya wake, na badala yake wampe kazi iliyoelezwa hatua kwa hatua, yenye wakati wake na mahali pake. Watumishi wa umma nao wakumbuke kwamba Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 3 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Sheria hiyo haitakuwa na maana ikiwa kijana hodari wa kazi ataachwa mlangoni kwa kuwa hakumtazama machoni aliyemhoji.

Wazee walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakusema kwamba kutoa ni maneno. Jamii inayoujua msemo huo yapaswa kuutazama mkono wa kijana kabla ya kuuhukumu ulimi wake.