Swali la Dini Si Kufuru

Nilipokuwa nikifundisha somo la Dini, msichana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza kwa nini dua za mamaye aliyekuwa mgonjwa hazikujibiwa. Nilimkemea. Darasa zima likanyamaza. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, nami niliona haya kukiri hivyo mbele ya watoto.

Nilimkumbuka Aprili 2023, makaburi yalipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa humo, ya watoto ikiwemo. Upande wa mashtaka ulisema waumini waliagizwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Wengi waliuliza serikali ilikuwa wapi, na walikuwa na haki. Lakini miongoni mwa waumini hao walikuwamo watu waliosoma. Ni nani aliyewafunza kwamba kumhoji mhubiri ni dhambi?

Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa dhamiri na wa dini. Uhuru huo ni wa mhubiri, naam, lakini ni wa msikilizaji pia, hasa yule anayetafuta na bado hajapata. Walimu wenzangu, huyo tunaye darasani. Ningekutana leo na msichana yule, ningemwomba alirudie swali lake.