Mashine Isimfungie Mteja Lango

Yapo mambo madogo ambayo, yasiposemwa mapema, hugeuka kero kwa wananchi. Mojawapo ni sauti ya mashine inayompokea mteja apigapo simu kuomba msaada: bonyeza moja, bonyeza mbili, subiri, anza tena.

Hatuipingi mashine. Hata kambini, mlinzi wa lango ndiye wa kwanza kumhoji mgeni. Lakini wajibu wake ni kumfikisha mgeni kwa afisa wa zamu, siyo kumzungusha langoni hadi achoke na kuondoka.

Hapa Juba suala hili lina uzito wa pekee. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi; lakini katika soko la Konyokonyo watu huuziana kwa Kiarabu cha Juba, na Kiswahili nacho husikika. Siku hizi fedha hutumwa kwa simu. Mama muuza mboga akikosea tarakimu moja tu, fedha zake humwendea mtu asiyemjua, naye aweza kuzitoa papo hapo. Katika dakika hizo chache, orodha ndefu, tena katika lugha asiyoielewa vema, ni hasara tupu.

Basi, Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano iyadai makampuni yote mambo mawili: lugha ya sokoni isikosekane katika sauti hiyo, na anayelalamikia fedha azungumze na binadamu kwa kubonyeza tarakimu ya kwanza. Anayelipia huduma anastahili kujibiwa.