USHURU WA KISU: NANI ALIUPITISHA BUNGENI?



Kifungu cha 210 cha Katiba ya Kenya kinakataza kutozwa kwa ushuru wowote usiotungiwa sheria. Nimeitafuta kwa bidii sheria iliyoidhinisha ushuru unaotozwa hapa Chebunyo, Jumapili baada ya Jumapili, mara tu mahubiri yanapokwisha, wala sijaiona. Mzee wa kanisa husimama na karatasi mkononi. Fulani amelazwa, yapasa afanyiwe upasuaji, na hospitali yadai amana kabla kisu hakijaguswa. Kapu hupitishwa mara ya pili. Aliye na mia hutoa mia. Aliye na kuku huleta kuku, akanadiwa nje chini ya mti. Mwenye mgonjwa naye amekwisha kuuza ng'ombe wawili sokoni kwa bei ya aibu, kwa kuwa mnunuzi alikwisha kupata habari kwamba nyumbani kuna mgonjwa.

Naiita michango hiyo ushuru kwa sababu ina alama zote za ushuru. Haikwepeki, hurudi kila mara, nayo hulipia huduma ambayo Serikali ilikwisha kuiahidi na kuikusanyia fedha kwa njia nyingine. Kinachokosekana ni bunge la kuupitisha na mkaguzi wa kuukagua. Tena huwaelemea wanyonge kuliko wenye nacho. Wenzetu wa juu, kule Konoin na Kericho, angalau wana bonasi ya chai ya kukopea. Sisi wa Chepalungu, nchi ya mahindi, mifugo na ukame, tunalipa kwa ng'ombe, na ng'ombe akiisha tunalipa kwa shamba.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na hospitali za binafsi, wala na zile za makanisa. Upasuaji ni kazi ya gharama: mtaalamu wa dawa ya usingizi, hewa ya oksijeni, damu, nyuzi, umeme usiokatika, wauguzi wa usiku. Mtu yeyote akitaka kulipia chumba chake peke yake na televisheni ukutani, hiyo ni hiari yake. Sisi wa Bomet tunaijua heshima ya Tenwek. Kituo hicho kilianza kama zahanati ya misheni katika miaka ya 1930, kikapata daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, mwaka 1959, na leo kinafundisha madaktari wapasuaji wa Kiafrika na kufanya hata upasuaji wa moyo. Saratani ya umio, ambayo imewamaliza wazee wetu wengi katika sehemu hizi, imekuwa vita ya hospitali hiyo kwa miaka mingi. Mgonjwa asiyeweza kumeza hata uji huwekewa mrija wa wavu wa chuma kooni, akala tena na jamaa zake. Anayeibeza kazi hiyo hajawahi kumwona mtu akifa njaa mbele ya sahani iliyojaa.

Lakini hospitali ya kanisa haiishi kwa sala peke yake. Nayo hununua dawa na kulipa mishahara. Na hapa ndipo penye kiini cha uovu ninaouzungumzia.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliua ile hazina ya NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mwananchi hulipa kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mkulima hupimwa mapato yake kwa maswali, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Vema. Lakini hazina ya kale ilikufa na madeni yake. Mwezi Februari 2025 hospitali za binafsi ziliacha kuwahudumia wagonjwa kwa kadi ya bima hiyo, zikidai kiasi cha shilingi bilioni 30 za malimbikizo ya NHIF. Mwezi uliofuata Rais akaahidi kwamba hospitali zinazodai shilingi milioni 10 au pungufu zitalipwa zote, na madai makubwa zaidi yatachunguzwa kwanza.

Ndugu msomaji, jiulize: katika miezi yote hiyo ya kungoja, gharama ilibebwa na nani? Hospitali isiyolipwa na Serikali haiwezi kumwambia mwenye duka la dawa angoje uchunguzi. Humgeukia aliye karibu, yaani jamaa wa mgonjwa aliyesimama mlangoni na kofia mkononi. Amana hiyo inayodaiwa, kwa sehemu kubwa, ni deni la Serikali lililohamishiwa kwenye kapu la kanisa la Chebunyo. Aliyekatwa mshahara amelipa mara moja; akitoa sadaka ya mgonjwa amelipa mara ya pili; akiuza ng'ombe kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe amelipa mara ya tatu. Ushuru mmoja, vizimba vitatu vya kuutoza.

Mambo haya yana historia. Wakoloni walikuwa na hospitali ya Wazungu, na ya Wahindi, na ya Waafrika. Ile ya Waafrika iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1901 ndiyo Hospitali Kuu ya Kenyatta ya leo. Ile ya Wazungu, iliyofunguliwa mwaka 1954, ndiyo Nairobi Hospital. Uhuru ulipokuja, ukuta wa rangi ulibomolewa, na mwaka 1965 ada katika vituo vya Serikali zikaondolewa. Kisha mwezi Desemba 1989, kwa shinikizo la wakopeshaji wa kigeni, Serikali ya chama kimoja ikaleta mpango wa kugawana gharama. Ukasitishwa mwaka uliofuata, ukarudi mwaka 1992, mwaka ule ule ambao wazazi wetu walipanga foleni kupiga kura ya vyama vingi. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo. Kifungu cha 2A kilikuwa kimefutwa Desemba 1991, watu wakaimba. Na dirisha la malipo likafunguliwa katika kila hospitali ya wilaya, watu wakanyamaza. Ukuta wa amana ukasimama palepale pa ukuta wa rangi.

Wengi husahau pia kwamba mapambano ya mageuzi yalihusu tiba tangu mwanzo. Kenneth Matiba aliwekwa kizuizini Julai 1990, akapigwa na kiharusi mwaka 1991 angali mikononi mwa Serikali, na ikabidi aende London kutafuta uzima. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilimpa fidia ya zaidi ya shilingi milioni 500 kwa mateso hayo, pamoja na kunyimwa matibabu. Mwanasiasa tajiri aliponyimwa daktari, taifa zima lilijua. Mama wa Chebunyo akinyimwa, jirani hujua, na mchimba kaburi.

Leo hospitali kubwa za Nairobi hutangaza huduma zao hadi Kampala, Juba na Mogadishu. Wageni huja na fedha zao, wakapasuliwa juma hilo hilo. Na wenye nguvu wa kwetu nao ni wageni kwingine: London, Paris, India. Marehemu Dkt. Joyce Laboso, aliyekuwa Gavana wetu wa Bomet, alitibiwa Uingereza na India kabla ya kufariki Nairobi tarehe 29 Julai 2019. Siku tatu kabla yake alifariki Mbunge wa Kibra, Ken Okoth, aliyekuwa ametibiwa Ufaransa. Siwasuti marehemu, mgonjwa hutafuta uzima popote anapoambiwa upo. Ninawasuta walio hai, waliotoa rambirambi kwa machozi mwezi ule, kisha wakarudi kuidhinisha bajeti ileile.

Lipo jingine linalonong'onwa katika kila kaunti, nami nitalisema kwa sauti. Mgonjwa huambiwa katika hospitali ya umma kwamba mashine imeharibika, nyuzi hazipo, zamu yake ni baada ya miezi minne. Kisha hutajiwa zahanati ya binafsi ng'ambo ya barabara. Akifika, hukuta uso uleule uliomfukuza asubuhi, sasa umejaa tabasamu. Si madaktari wote, na walio waaminifu ndio wanaochoka kuliko wote. Lakini mtumishi wa umma anayefaidika na foleni aliyopewa kazi ya kuipunguza ana mgongano wa maslahi, na wakili yeyote wa mwaka wa kwanza angeliona hilo. (Najua mtasema mawakili nao wana ada zao. Ni kweli, lakini hatumshiki mteja kitandani.)

Nikilitaja jambo la kushika, niiseme sheria waziwazi, maana wengi hawaijui. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sehemu ya 7 ya Sheria ya Afya ya 2017 inaifanya kuwa kosa la jinai kwa taasisi yenye uwezo, ya umma au ya binafsi, kukataa kutoa tiba hiyo. Faini yaweza kufika shilingi milioni tatu. Sheria hii ilitungwa baada ya aibu ya Oktoba 2015, mgonjwa aliyegongwa na gari alipokaa ndani ya ambulensi kiasi cha saa 18 jijini Nairobi, akihangaishwa kati ya hospitali moja na nyingine, hata akafa. Hospitali moja ilikuwa imedai amana ya shilingi 200,000.

Mwaka huohuo wa 2015, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwazuilia wanawake wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa ada kulikuwa kinyume cha Katiba, akawapa fidia. Nalo Agano la Kimataifa la Haki za Kiraia na Kisiasa, ambalo Kenya ililikubali mwaka 1972, linakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Maiti nayo si mali ya kushikwa rehani. Nimewahi kuiandikia hospitali moja, ambayo sitaitaja, barua ya ukurasa mmoja nikinukuu mambo haya. Mwili uliokuwa umekaa mochari majuma matatu ulitoka siku ya pili. Deni lilibaki, na jamaa wakaendelea kulilipa kidogo kidogo, kama deni lolote la halali linavyolipwa.

Enyi wenzangu wa kanisani, mnaikumbuka nyumba ya wageni katika ule mfano wa Msamaria. Mahubiri humsifu Msamaria, na ni haki. Mimi kama wakili humtazama zaidi mwenye nyumba. Alipokea dinari mbili na ahadi ya salio, akamtunza mtu asiyemjua. Hakuna mahali tunaposoma kwamba alimfungia yule majeruhi chumbani hadi Msamaria arejee.

Watetezi wa Serikali watajibu kwamba fedha hazitoshi. Hoja hiyo ina jibu lake ndani ya Katiba yenyewe. Kifungu cha 20(5) kinasema Serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki kama hii, ni juu yake kuthibitisha. Si juu ya mjane kuthibitisha kwamba fedha zipo. Tena hatudai miujiza. Mwaka 2015 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet ilitaja aina tatu za upasuaji ambazo kila mtu apaswa kuzifikia kwa muda usiozidi saa mbili: kumtoa mtoto kwa upasuaji, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi. Tume hiyo ilikadiria kwamba watu bilioni tano duniani hawana upasuaji ulio salama na wenye gharama nafuu wanapouhitaji, na kwamba watu milioni 33 kila mwaka hutumbukia katika hasara kubwa kwa kuulipia. Basi tuulize hayo matatu tu. Mama akishikwa na uchungu Chebunyo usiku wa mvua, akapitishwa Sigor kuelekea Longisa, je, atafika kwa saa mbili? Akifika, atamkuta wa kumpa dawa ya usingizi? Ataulizwa hali yake, au ataulizwa amana?

Maswali hayo yasiulizwe kanisani peke yake. Kwa Nyongeza ya Nne ya Katiba, vituo vya afya vya kaunti ni kazi ya Serikali ya Kaunti. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu ombi la mwananchi, na saa 48 tu ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Kila kanisa liandike: upasuaji mangapi wa aina hizo tatu ulifanyika Longisa mwaka uliopita, mangapi uliahirishwa, kwa sababu gani, na wagonjwa wangapi walizuiliwa kwa deni. Mzee wa kanisa mwenye ile karatasi aanze kuweka daftari: tarehe, hospitali, kiasi kilichodaiwa, kiasi kilichochangwa. Majina ya wagonjwa yasiandikwe. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na hesabu ya ushuru huu ambayo hakuna waziri wa kaunti atakayeweza kuikana.

Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Malalamiko ya rasmi yanaruhusiwa na sehemu ya 15 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Yaandikwe kwa Karani wa Bunge la Kaunti, Bomet, yatiwe sahihi na nambari za vitambulisho, na yapelekwe kwa mkono. Mpelekaji asiondoke pale mlangoni kabla nakala yake haijagongwa muhuri wa kupokelewa.