Sauti yetu, feza yao? Hapana!

Vijana wenzetu wa Birere, Katindo, Majengo, Ndosho, Himbi na kwingine kote Goma,

Kuna watakaocheka wakisoma tamko hili. "Batu banakufa, ninyi munaongelea PlayStation?" Ndiyo, tunaongelea. Mji huu una vijana wanaokesha wakingoja umeme urudi, wananunua mega kwa feza ya chakula, wanacheza mechi na kuitolea maelezo kwa Kiswahili chetu, wanakata video, wanaipandisha kwenye tovuti. Hiyo ni kazi. Tena watu wanaitazama, wanacheka, wanaisambaza mpaka Bukavu na Beni. Na kazi inalipwa.

Sasa soma masharti ya zile tovuti. Hakuna anayeyasoma, tunajua, ni marefu kuliko foleni ya maji. Lakini humo ndani jambo moja linarudi kila mara: tovuti inaweza kubadili masharti, wewe huwezi. Inaweza kupunguza sehemu yako, kufunga akaunti yako, kushikilia feza yako eti "tunachunguza", na ukiuliza, mashine ndiyo inakujibu. Bosi akibadili mshahara katikati ya mwezi tunamwita mwizi. Huyu juu ya nini tumuite "mshirika"?

Tusidhani ni shida ya Waafrika peke yao. Mwezi wa nne 2015, Valve na Bethesda walianza kuuza vipande ambavyo wachezaji wenyewe walikuwa wakitengenezea mchezo wa Skyrim. Aliyetengeneza alipewa asilimia 25. Zile 75 zilibaki kwa makampuni. Wengine walikasirikia kulipishwa kitu kilichokuwa bure, wengine walikasirikia ile 25, kelele zikachanganyika, na baada ya siku nne mpango ukafutwa. Siku nne! Mwezi wa sita 2023 Twitch walitoa kanuni za kuwabana watangazaji wao kwenye matangazo ya wadhamini. Watangazaji wakatishia kuhama. Kesho yake kanuni zikaondolewa.

Ila kisa kinachotugusa zaidi ni cha The Escapist, tovuti ya zamani ya michezo ya video. Mwezi wa kumi na moja 2023 kampuni iliyokuwa inaimiliki, Gamurs, ilimfukuza mhariri mkuu, Nick Calandra. Timu ya video ikaacha kazi pamoja naye, wakaanzisha chombo chao wenyewe, Second Wind. Kati yao alikuwemo Yahtzee Croshaw, ambaye tangu 2007 alikuwa akitengeneza Zero Punctuation. Sauti ni yake, utani ni wake, michoro ni yake. Jina? Jina lilibaki kwa kampuni. Mtu amefanya kipindi miaka 16, anatoka mlangoni na mdomo wake tu, inabidi aanze upya kwa jina lingine.

Basi jiulize, wewe wa Katindo mwenye chaneli: jina lako ni la nani? Zile video mia mbili, ukiamka kesho akaunti imefungwa, unazo wapi?

Tofauti ni kwamba Croshaw na wenzake walitoka pamoja, watazamaji wakawafuata na kuwachangia feza moja kwa moja. Sisi hata huo mlango hatuna. YouTube, ambako video nyingi za michezo zinapita, ina orodha ya nchi ambazo watengenezaji wanaweza kulipwa sehemu ya matangazo. Kenya imo, Uganda imo, Tanzania imo. Congo yetu haimo. Facebook iliwafungulia Wakenya mlango wa malipo ya matangazo mwaka 2024. Sisi tunachungulia dirishani. Na hii ndiyo inatuumiza roho: tangu 2021 masharti ya YouTube, duniani kote, yanairuhusu kuweka matangazo hata kwenye video za watu ambao hawamo katika mpango wa malipo. Maana yake tangazo linaweza kupita juu ya sauti yako, mtu alipwe, na wewe usione hata faranga moja.

Ndiyo maana vijana wanajiandikisha kwa anwani ya binamu wa Kampala au ya mjomba wa Bruxelles. Hatuwahukumu. Lakini mjomba anakata sehemu yake, na siku tovuti ikigundua kwamba anwani si yako, inafunga yote na wewe ndiye unaitwa mwongo.

Hata feza ikifika, inaingilia wapi? Tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa AFC/M23, benki zilifunga milango. Tukabaki na M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na kutoa pesa taslimu kukageuka biashara ya watu wengine. Tovuti inayosema "tunalipa kwa akaunti ya benki tu" imewaambia vijana wa Goma: ninyi hatuwalipi.

Na wasituambie kwamba Goma iko mbali na dunia yao. Mwaka 2000, PlayStation 2 ilipotoka, bei ya tantalum ilipanda vibaya sana, na tantalum inatoka katika koltani. Kuna walioita vita vyetu vya miaka ile "vita vya PlayStation". Leo Rubaya, hapa Masisi, Umoja wa Mataifa unakadiria inatoa kama asilimia 15 ya tantalum ya dunia. Udongo wetu walipata njia ya kuufikisha kwao. Malipo yetu ndiyo yanakosa njia?

Tunadai makampuni haya yaiweke Congo kwenye orodha, yalipe kwa simu, yatoe taarifa miezi kabla ya kubadili sehemu ya mtu, na akaunti ikifungwa ajibu binadamu, kwa Kifaransa au Kiswahili. Kinshasa nayo ina sheria ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023. Imefanya nini nayo juu yetu? Kwenye RAM, ile kodi ya telefone iliyoanza 2020, walijua kukata yuniti zetu bila kutuuliza, mpaka raia walipopiga kelele ikaondolewa mwaka 2022. Wakijua kutukata, wajue kututetea. Wenzetu wa Nairobi waliokuwa wakichuja machapisho ya Facebook waliishtaki Meta, na mwezi wa tisa 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema Meta inaweza kushtakiwa pale. Kazi yao si michezo, lakini mlango waliousukuma ni uleule.

Kwa sasa, wewe mwenye chaneli: weka nakala ya kila video kwenye diski yako. Andika tarehe na kiasi cha kila malipo yaliyoshikiliwa. Piga picha ya ekrani ya kila ujumbe wa mashine, ututumie kwa ujumbe wa faragha. Nywila yako usimpe mtu, hata sisi. Tunakusanya mpaka mwisho wa mwezi, halafu tunaandikia makampuni barua moja, na nakala kwa ARPTC.