Oregano ya Meksiko si Oregano ya Chupa

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka huu methali hii nimeisikia mpaka masikio yakachoka, na kila mara nimeambiwa mimi, ati kwa sababu ya majani makavu yasiyojaza hata kiganja. Ndugu msomaji, hebu keti nikueleze, kisha uamue mwenyewe kama nilistahili kusemwa hivyo.

Shangazi yangu ni mpishi katika hoteli moja mjini. Likizo ya Aprili alitujia na kikaratasi kilichokunjwa, ndani mna majani ya kijani yaliyofifia. Mgeni mmoja kutoka Meksiko alikuwa amewapa jikoni. Shangazi akasema, "Hii ni oregano ya kwao. Tieni kwenye maharagwe." Jioni ile mama alitia kidogo tu, na kwa kweli sijawahi kula maharagwe kama yale. Yalikuwa na ukali fulani wa kupendeza, na nyuma yake kitu kama harufu ya ganda la ndimu. Siku tatu hazikuisha kabla kikaratasi hakijaisha.

Sasa, mama ana kibanda cha chakula karibu na steji. Mimi nikajiona mjanja. Nikavunja akiba yangu, nikaenda supamaketi, nikanunua chupa ndogo iliyoandikwa oregano. Bei yake ingetosha maharagwe ya sufuria nzima, lakini nilijiambia kwamba wateja watamiminika. Jumamosi, mama alipokwenda sokoni, nikatia vijiko vitatu vikubwa kwenye githeri. Lo! Mtu wa bodaboda wa kwanza alionja, akasukuma sahani, akauliza, "Leo mmepika dawa?" Wenzake wakacheka, wakavuka barabara kwenda kwa jirani. Faida ya siku ile ndiyo iliyokuwa imalizie karo yangu ya muhula. Jumatatu nilirudishwa nyumbani pamoja na wengine wenye baki. Mama hakunipiga wala kunifokea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kwa wiki mbili niliosha masufuria bila kuambiwa.

Nilidhani kosa lilikuwa ni wingi wa vijiko. Wingi ulikuwa kosa, sikatai. Lakini nilipompelekea mwalimu wa Bayolojia ile chupa pamoja na kikaratasi cha shangazi, alinusa vyote viwili, akanionyesha maandishi madogo ambayo sikuwa nimeyasoma. Chupa ilitoka Uturuki. Kumbe jina ni moja na mimea ni miwili! Oregano ya Uturuki, Ugiriki na Italia ni ya jenasi ya Origanum, jamaa ya mnanaa na mrihani. Ile ya Meksiko ni Lippia graveolens, kichaka cha nchi kavu, na jamaa yake wa karibu ni lantana, ule ua wenye miiba na vishada vya maua ya rangi rangi unaouona kando ya njia. Harufu zao hukaribiana kwa kuwa zote mbili zina mafuta yaitwayo kavakroli na thaimoli. Ni kama watu wawili wasiojuana waliojipaka manukato ya aina moja. Ukifumba macho utawachanganya.

Nilirudi dukani kuuliza. Mhudumu akanijibu, "Oregano ni oregano." Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Mnunuzi ana haki ya kujua ananunua jani gani, na ingekuwa rahisi kuliandika jina la mmea kwa herufi zinazosomeka. Hadi siku hiyo itakapofika, anayeitaka ile ya Meksiko asitazame rangi ya kifuniko. Atafute neno Meksiko au Lippia, na kama yote mawili hayapo, asitoe pesa.

Kwao kule, sehemu kubwa huchumwa porini, katika majimbo makavu kama Durango, Chihuahua, Coahuila na Querétaro, mvua zikishachipusha majani. Matawi hukatwa, hukaushwa, kisha hupigwapigwa mpaka majani yadondoke. Mara nyingi ni watu wa vijijini wanaojitafutia riziki, si matajiri wa mashamba.

Chakula chao kimoja kinachoitwa pozole ndicho kilichonifungua macho. Hupikwa kwa mahindi mazima yaliyochemshwa na chokaa hadi maganda yakatoka, pamoja na nyama. Mtu akishapakuliwa bakuli lake, huchukua oregano kavu, akaisugua baina ya viganja, ikanyunyizika juu ya mchuzi ungali moto. Je, msomaji, mahindi yaliyotolewa maganda hayakukumbushi kitu? Kwetu Ukambani ni muthokoi! Sisi twatwanga kwa kinu, wao hutumia chokaa. Ndiyo maana wanaponitajia mbachao na msala huwa nawajibu hivi: mahindi asili yake ni Meksiko, maharagwe na pilipili pia vilitoka bara la Amerika, vikafika Afrika baada ya safari za Wareno. Mbachao wetu wenyewe ulikuwa msala wa watu.

Basi nilipokwenda Kitui kumwona susu, nilibeba majani kidogo niliyopimiwa na shangazi, maana hoteli yao sasa huyaagiza. Susu alinusa mara moja tu. "Huu si muthyeti?" Akaniongoza hadi ghalani, akanitolea tawi analoweka kati ya magunia ya kunde kuzuia fukusi. Nilisugua jani lake, nikashangaa. Susu hakukosea sana, kwani muthyeti nao ni wa jenasi ya Lippia. Aina mojawapo wataalamu waliipa hata jina la Kitui, yaani Lippia kituiensis.

Ndugu yangu akaona tumepata mali ya bure, akataka tuutie chunguni papo hapo. Mimi nilikataa, na ningali nakataa. Lantana nayo ni ya ukoo huo, na ng'ombe akiila huugua, hata hufa. Ujamaa wa mimea haumwambii mpishi kwamba jani linalika. Susu mwenyewe amezeeka na muthyeti na hajawahi kuutia katika chakula, na mimi nimeshaharibu sufuria moja, yatosha. Wanaosomea mimea na waupime kwanza.

Siku hiyo tulipika muthokoi na maharagwe, kitunguu, nyanya na pilipili moja. Oregano ilikuwa nusu ya kijiko cha chai kwa sufuria ya watu sita. Nusu ya hiyo niliitia mapema ichemke na maharagwe, iliyobaki nikaisugua viganjani wakati wa kupakua. Susu aliongeza sahani, na susu si mtu wa kuongeza. Kwa asiyeipata kabisa, hiyo ya Uturuki yaweza kusaidia, ila kidogo mno, na ukwangulie ganda la ndimu. Haitakuwa ile, lakini hutafukuza wateja.

Limebaki jambo la chama chetu. Katika insha yangu niliandika oregano, likapigwa mstari mwekundu. Mwenzangu mmoja akapendekeza tuiite mrihani wa Meksiko. Naomba tusifanye hivyo. Mrihani ni mmea wa tatu kabisa, na hasara yangu yote ilitokana na jina moja kubebeshwa mimea miwili. Tuseme oregano ya Meksiko, hata kama ni refu.

Mama ameniruhusu tena kushika mwiko siku za Jumamosi. Lakini kile kikopo cha oregano anakaa nacho yeye, mfukoni mwa aproni.